Taa za Mbele za Motokari ya Zamani: Kwa Nini Ampule Inakufa Kila Mwezi

Kuna mstari mmoja unaorudi mno katika madaftari ya vikundi vya wamama hapa Kamina, vile vyenye motokari yao na vile vinavyokodi kwa zamu. Mstari huo ni ampule ya taa ya mbele. Mwezi wa pili ampule, mwezi wa tatu ampule, mwezi wa nne ampule mbili na fyuzi moja. Mama mweka hazina anauliza, shofere anajibu, "Barabara ni mbaya, mama," na pesa inatoka. Barabara ni mbaya kweli, hakuna atakayebisha. Lakini ampule nzuri, iliyowekwa vizuri katika motokari yenye umeme mzima, haifi kila mwezi hata kwenye njia ya Kabongo. Ikikufa hivyo, kuna ugonjwa mwingine katika motokari, na ugonjwa huo hauponi kwa kununua ampule nyingine.

Tunaandika haya kwa sababu sisi ndio tunaolipa, na sisi ndio tunaokaa nyuma juu ya magunia usiku ukiingia. Huku kwetu jua linashuka muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili jioni, na giza halichelewi. Motokari iliyotoka Kaniama na mahindi, au Bukama na samaki, ikikwama kwenye matope saa mbili, safari inaisha gizani. Kisha kuna zile safari ambazo hakuna anayechagua saa yake: mama ameanza uchungu kijijini, damu inatoka, muuguzi wa kituo cha afya anasema apelekwe mjini usiku huu huu. Hapo mtu anakwenda kugonga mlango wa mwenye Land Cruiser. Ikiwa mwenye Land Cruiser anasema "taa zangu hazionyeshi vizuri, tungoje asubuhi", hakuna aliyeiba wala aliyekataa, ila mama yule anangoja asubuhi.

Mbele ya motokari, barabarani, wako watu wetu pia. Wanaume wanasukuma baiskeli zenye makala, watoto wanarudi na maji, wamama wanatoka shamba na jembe begani. Hawana taa. Wanaonekana tu ikiwa taa ya motokari inawafikia.

Tufanye hesabu ndogo. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Shofere anahitaji sekunde moja au moja na nusu kuelewa alichoona na kukanyaga breki, kisha motokari yenyewe inahitaji nafasi ya kusimama, na kwenye changarawe nafasi hiyo ni ndefu. Jumla inafika mita 50 au 60. Taa ya karibu iliyo nzima inaonyesha mtu mwenye nguo nyeusi umbali kama huo, na mara nyingi pungufu. Taa iliyofifia inamwonyesha mita 25 mbele. Hesabu iliyobaki kila mama anaweza kuimaliza mwenyewe.

Ampule yenyewe

Motokari nyingi za zamani za magurudumu manne zinazotembea huku, yaani Land Cruiser zenye taa za mviringo na Land Rover, zina taa ya upana wa karibu sentimeta 18. Zile za zamani kabisa zilikuwa na taa ya kipande kimoja: kioo, kiakisi na waya wa ndani vimefungwa pamoja, na waya ukikatika unatupa taa nzima. Nyingi zimekwisha kubadilishwa, kwa sababu taa ya ukubwa uleule yenye ampule ya kutoka inaingia katika tundu lilelile. Ampule hiyo inaitwa H4. Ilianza Ulaya mwaka 1971, na mpaka leo ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi sokoni. Ukiitaja kwa jina lake, muuzaji hakuletei kitu kingine.

Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili. Mmoja ni wa taa ya mbali, ambayo mashofere wetu wanaiita fare. Wa pili ni wa taa ya karibu, wanayoiita kode. Chini ya uzi wa kode kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi ya kikombe hicho ni kuzuia mwanga usipande juu machoni mwa anayekuja mbele. Kumbukeni kikombe hicho, tutakirudia. Na kwa sababu nyuzi ni mbili, ampule inaweza kufa nusu. Uzi wa kode unakatika, fare inabaki, na shofere asiyependa gharama anaendesha na fare usiku kucha huku akiwapofusha wengine. Mama aliyekaa mbele ana haki ya kumwambia ashushe taa, na akisikia kwamba haishuki, basi amejua.

Kwenye chuma cha ampule kumeandikwa namba. Kwa motokari ya volti 12 ni 12V 60/55W: wati 60 za fare, wati 55 za kode. Kwa volti 24 ni 75/70W. Hapa ndipo pesa nyingi inapotea, kwa sababu katika meza moja ya piesi sokoni zimelala ampule za lori na za motokari ndogo, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Ampule ya volti 24 ukiiweka katika motokari ya volti 12 inawaka kidogo tu, rangi ya machungwa, kama makaa yanayokaribia kuzima, na watu wanasema batri imechoka. Ya volti 12 ukiiweka katika motokari ya volti 24 inakufa papo hapo. Wala msidanganywe na batri mbili chini ya kapo. Kuna Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ambazo umeme wake wote ni wa volti 24. Kuna nyingine zenye batri mbili ambazo taa zake ni za volti 12. Na kuna zile ambazo fundi fulani miaka iliyopita alibadilisha kwa namna yake. Njia ya uhakika ni kutoa ampule ya zamani iliyokuwa ikiwaka vizuri na kusoma kilichoandikwa, au kumwambia fundi apime volti kwenye plagi ya taa yenyewe.

Mnaponunua, angalieni herufi E yenye namba ndani ya duara. Ni alama ya nchi iliyokubali ampule hiyo: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi. Wenye kughushi wanaiga hata alama hiyo, kwa hiyo isiwe ushahidi wa pekee. Pitisheni kidole juu ya maandishi ya kwenye chuma: yakifutika, rudisheni. Tazameni kama kioo kimesimama wima katikati ya chuma na kama nyuzi zimenyooka. Kisha mwombeni muuzaji aijaribu kwenye batri yake, nyuzi zote mbili, moja moja, sekunde chache tu. Muuzaji mwema hakatai. Anayekataa, meza ya jirani yake iko hatua tano.

Kubwa si nzuri zaidi

Kila mara taa zikififia, kuna mtu atakayeleta shauri la ampule ya wati 100. Shauri hilo tunalikataa kabisa, na sababu yake ni rahisi. Ampule mbili za wati 55 kwa volti 12 zinavuta kama ampea 9. Mbili za wati 100 zinavuta karibu 17. Waya za motokari yenye miaka 30 hazikutengenezwa kwa mzigo huo, wala swichi ya usukani. Kwanza plagi ya plastiki inalainika na kugeuka kahawia. Kisha fyuzi, ambayo mafundi wanaiita fizible, inakatika. Kisha mtu anaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ili safari iendelee, na kuanzia hapo kinachoungua si fyuzi tena bali waya zilizo nyuma ya dashibodi. Mkiona waya mtupu katika sanduku la fyuzi, motokari hiyo isilale karibu na nyumba.

Za buluu pia ziacheni. Rangi ile iliyopakwa kwenye kioo inakula sehemu ya mwanga, na ule unaobaki, weupe wa kuelekea buluu, unarudi machoni pa shofere ukigonga vumbi au ukungu. Nasi tuna vyote viwili: vumbi na moshi wa majani yanayochomwa wakati wa kiangazi, ukungu na mvua miezi mingine.

Kuhusu ampule za LED zinazoingia mahali pa H4, vijana wetu watatuona wazee, lakini tuseme. Taa ya zamani ilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja hasa, na kile kikombe cha chuma chini yake. Vipande vya LED vikikaa pembeni kidogo, kiakisi hakijui la kufanya navyo. Mwanga unatapakaa huku na huku, unaonekana mkali ukisimama mbele ya motokari, lakini barabarani hauendi mbali na unampofusha anayekuja. Nyingi zina kipepeo kidogo nyuma cha kupooza joto, na vumbi la Kamina linakimaliza mapema. Taa nzima ya LED, ya mviringo, yenye kioo chake kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, ni jambo lingine. Yapo mazuri, ingawa bei yake si ya mchezo.

Taa imefifia: tafuteni umeme ulipopotelea

Hii ndiyo sehemu tunayotaka mama mweka hazina aisome mara mbili, kwa kuwa hapa ndipo kikundi kinaokoa pesa.

Mwanga wa ampule haushuki sawasawa na umeme. Unashuka haraka zaidi. Umeme ukipungua sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua karibu sehemu moja ya tatu. Kwa hiyo motokari inayopoteza volti moja na nusu njiani, kati ya batri na ampule, ina taa zilizokwisha kupoteza theluthi moja ya nguvu, hata kama ampule ni mpya na ya bei kubwa. Ukiinunulia ampule nyingine, itafifia vilevile.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Fundi anawasha injini, anawasha taa, anapima volti kwenye batri. Namba iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi, kwa motokari ya volti 12. Kisha anapima nyuma ya ampule, plagi ikiwa imeingia na taa ikiwaka. Tofauti ikizidi nusu ya volti, umeme unapotea katikati, na kazi ni kutafuta wapi. Mara nyingi ni kwenye waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye mwili wa motokari: skrubu yake imeshika kutu, rangi na matope. Kuusugua kwa msasa mpaka chuma king'ae na kuukaza tena hakugharimu kitu. Mara nyingine ni meno ya plagi yaliyolegea, au swichi yenyewe iliyochoka.

Tuongeze neno moja kwa ajili ya mafundi, kwani wamama wengine wana wana garajini. Katika Land Cruiser nyingi za zamani umeme wa batri unafika kwenye ampule moja kwa moja, na swichi inafanya kazi upande wa masi. Yaani ni kinyume cha motokari nyingine nyingi. Fundi asiyejua hilo atahangaika siku nzima na taa yake ya kupimia, atakata waya zisizo na kosa, na kikundi kitalipa siku hiyo nzima. Mwulizeni mapema kama anajua.

Ikiwa waya ni za zamani lakini bado nzima, dawa iliyo bora ni rele mbili, moja ya kode na moja ya fare. Umeme wa taa unatoka batrini kwa waya mnene, wenye fyuzi yake karibu na batri, na swichi ya zamani inabaki kutoa amri tu. Taa inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani, na swichi ya usukani inapumzika. Tunapenda dawa hii kuliko zote. Angalieni tu rele iwe ya volti zilezile za motokari. Zile za lori na za motokari ndogo zinauzwa meza moja, kama ampule.

Sasa upande wa pili: ampule inayokufa kila mara. Umeme ukizidi kwa sehemu moja tu ya ishirini, maisha ya ampule yanapungua kwa nusu. Kwa hiyo fundi akipima batrini injini ikiwaka na kuona volti zaidi ya 15, amempata mwizi. Ni kidhibiti cha jenereta kinachopitisha umeme mwingi, na kinachoua ampule leo kitaua batri kesho, nayo batri haina bei ya ampule. Umeme ukiwa sawa na ampule bado zinakufa, shikeni taa kwa mkono na kuitikisa. Ikicheza, basi kila shimo la barabara linaupiga uzi wa ndani. Kazeni skrubu za taa na angalieni kama chemchemi inayoshikilia ampule bado ina nguvu.

Kubadilisha bila kuharibu

Zimeni taa, ngojeni ampule ipoe, kwani kioo chake kikiwaka kina joto la kuchoma mkono vibaya sana. Katika motokari nyingi unafika nyuma ya taa kwa kufungua kapo. Unavuta plagi yenye meno matatu, unaondoa kifuniko cha mpira, unaachia chemchemi ya waya, ampule inatoka. Katika zile za zamani zaidi lazima utoe pambo la mbele na pete inayoshikilia kioo. Pete hiyo ina skrubu ndogo, mara nyingi tatu. Kando yake kuna skrubu nyingine mbili, ndefu zaidi, zenye chemchemi: hizo ni za kuelekeza mwanga, na yule asiyejua akizizungusha anapeleka taa juu ya miti. Mwonyesheni shofere kijana tofauti yake mchana, kabla hajaitafuta usiku kwa mwanga wa simu.

Ampule mpya ishikeni kwa chuma chake tu. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, joto linayachoma mahali hapo na kioo kinadhoofika. Ikiwa umekigusa, kifute kwa kitambaa safi chenye alkoholi ya dawa. Pete ya ampule ina meno matatu yasiyolingana, hivyo inaingia namna moja tu, ikikataa, msiilazimishe. Na kile kifuniko cha mpira kirudi mahali pake, kikiwa kimekaza. Tumeona motokari nyingi zinazotembea bila kifuniko hicho, au kimechanika, na ndani ya taa kuna vumbi na maji. Kiakisi kikishapoteza mng'ao wake wa fedha hakuna ampule itakayokirudishia, na hapo unanunua taa nzima kwa sababu ya kipande cha mpira.

Kioo kilichopasuka kwa jiwe ni habari ileile. Gundi ya silikoni inaweza kuziba ufa kwa wiki chache, si zaidi. Wavu wa chuma mbele ya taa unasaidia kwenye changarawe, mradi usafishwe, maana matope yanakaa humo.

Mwanga uelekee wapi

Huku kwetu tunaendesha upande wa kulia. Jirani zetu wa Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, na Japani pia. Motokari nyingi za zamani zilizotufikia zilipitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, na nyingine zilikuja na taa za huko zilikotoka. Taa ya kode haikutengenezwa kuangaza sawasawa pande zote mbili. Upande wa ukingo wa barabara inapanda kidogo, ili kuonyesha watu wa miguu. Upande wa wanaokuja inabaki chini. Taa ya nchi za kushoto, ikitembea hapa, inafanya kinyume. Inapanda upande wa kushoto, machoni mwa anayekuja, na inaacha gizani ukingo wa kulia, mahali ambapo mama anatembea na beseni kichwani. Shofere anasema taa zake ni kali sana, na kweli ni kali, lakini zinamulika mahali pasipofaa.

Jaribio lake ni la ukuta. Jioni, tafuteni ukuta mweupe na uwanja ulio sawa, hata wa shule. Magurudumu yawe na upepo wake wa kawaida. Simamisheni motokari mita 5 kutoka ukutani, uso wake ukielekea ukuta moja kwa moja. Pimeni urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, chukueni chaki, na mwekeni alama ukutani kwa urefu huohuo mbele ya kila taa. Washeni kode. Mtaona mwanga wenye ukingo wa juu. Upande wa kushoto ukingo huo ulale sawa, karibu sentimeta 5 chini ya alama. Kuanzia hapo uelekee kupanda upande wa kulia. Ukipanda upande wa kushoto, taa hizo si za nchi yetu. Kubadilisha ampule hakusaidii, ni lazima kubadilisha taa zenyewe, kioo na kiakisi. Mkisubiri pesa, fundi azishushe, na sehemu ya kioo inayorusha mwanga juu mnaweza kuifunika kwa kibandiko cheusi.

Sentimeta 5 si nyingi, lakini zina kazi. Taa iliyo juu ya ardhi sentimeta 90, ikiwa imeshushwa hivyo, ukingo wake unagusa barabara mita 90 mbele. Sasa pakieni magunia. Motokari hizi zina mita 3 hivi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nyuma ikishuka sentimeta 5 tu, mwanga ukutani unapanda zaidi ya sentimeta 8. Kazi yote ya chaki imepotea, na mnapofusha kila anayekuja kutoka hapa mpaka Bukama. Ndiyo sababu tunashauri kupima motokari ikiwa na mzigo wake wa kawaida ndani. Wakikosekana magunia, wamama kumi wapande nyuma wakae. Kazi inakwenda haraka na maneno hayakosi.

Kila jioni kabla ya kuondoka, shofere afute vioo kwa kitambaa chenye maji. Asifute vumbi kavu, hasa kama kioo ni cha plastiki, kwa sababu mchanga unakikwaruza. Kisha awashe kode na fare, na mtu mmoja asimame mbele atazame. Ni dakika moja tu, lakini inazuia ile motokari ya jicho moja ambayo mwenye pikipiki anaidhani ni pikipiki mwenzake na kuisogelea katikati ya njia. Ikitokea njiani kwamba imebaki ampule moja tu na hakuna nyingine, iwekwe taa ya kushoto, ile ya upande wa katikati ya barabara, ili wanaokuja waone motokari inaishia wapi. Halafu mwendo wa polepole mpaka kijiji cha karibu.

Ndani ya motokari, chini ya kiti na si nyumbani kwa shofere, kuwe na kopo lenye kifuniko. Ndani yake muwe na ampule mbili za H4 zilizokwisha kujaribiwa, zimefungwa kwa kitambaa zisigongane, fyuzi za namba zinazotakiwa, turnevisi, kipande cha msasa, kitambaa safi na tochi yenye batri nzima. Ampule ikibadilishwa, mama mweka hazina aandike tarehe na upande, kushoto au kulia. Baada ya miezi sita daftari litaonyesha kama ni upande mmoja unaokufa daima, ambapo kosa liko kwenye taa hiyo na waya zake, au kama ni pande zote mbili, ambapo fundi aanzie kwenye jenereta.